Nachituti na Kikapu cha Udongo

UTANGULIZI

Katika ufundishaji wa fasihi, tunapofika kwenye mada ya tamthilia na riwaya za kihistoria, mifano tunayoitoa aghalabu hutoka mbali. Tunawataja watawala wa Roma, kwa kuwa Mwalimu Julius Nyerere alitufungulia njia mwaka 1963 kwa tafsiri yake ya Julius Caesar. Na tukitaka kuonyesha fitina za ikulu, tunawataja malkia wa Ulaya wa karne ya 16, enzi ya mwamko wa elimu na sanaa, ambapo viti vya enzi viligombaniwa kwa ndoa, kwa sumu na kwa shoka la mnyongaji.

Miongoni mwa malkia hao hakuna aliyebishaniwa kuliko Mary Stuart wa Uskoti. Mumewe, Darnley, aliuawa mwaka 1567, na wengi wakamshuku yeye. Mwaka uliofuata alikimbilia Uingereza kwa binamu yake, Malkia Elizabeth I, akiomba msaada wa kukirudia kiti chake. Badala ya msaada alipata kizuizi cha takriban miaka 19, na Februari 1587 akakatwa kichwa. Mjerumani Friedrich Schiller alipotunga tamthilia juu yake mwaka 1800, aliwakutanisha malkia hao wawili uso kwa uso, wakarushiana maneno makali. Katika historia hawakupata kukutana hata siku moja. Hata hivyo mkutano huo wa kubuni ndio moyo wa tamthilia yenyewe, na watazamaji wengi huondoka wakiuamini.

Hatukusudii hapa kuzungumza habari za Uskoti. Tunautaja mfano huo kwa sababu mbili. Kwanza, unaonyesha jinsi mtunzi awezavyo kuigeuza historia ikawa kumbukumbu nyingine. Pili, mwanamke wa ukoo wa kitawala aliyevuka mpaka kwenda kumwomba mtawala jirani msaada hapatikani Ulaya peke yake. Yupo pia katika nchi za Maziwa yetu Makuu, na jina lake ni Nachituti.

Habari zake ni za bonde la mto Luapula na ufuko wa ziwa Mweru, mahali inapopakana Zambia na Kongo. Katika vijiji vya wavuvi vya wilaya ya Nchelenge, Kabuta kikiwa kimojawapo, na katika mji wa Mwansabombwe ulioko upande wa kusini, kisa hiki si ngano ya kuwalaza watoto. Hutajwa watu wanapoulizana nani mwenye nchi na nani mwenye maji. Hoja ya makala haya ni hiyo hiyo: kwamba kisa cha Nachituti ni hati ya milki iliyohifadhiwa vinywani mwa watu, na kwamba kila anayekisimulia, awe mfalme, mtaalamu, mtunzi au mwalimu, anatia sahihi yake katika hati hiyo, apende asipende.

MASIMULIZI YENYEWE

Kabla ya Walunda kufika, nchi ya Luapula ya chini na ziwa Mweru ilikuwa chini ya Washila, na mkuu wao alikuwa na cheo cha Nkuba. Walunda walitoka magharibi, katika himaya ya Mwata Yamvo, na yapata katikati ya karne ya 18 walikuwa wamekwisha kuvuka Luapula wakiongozwa na mtawala mwenye cheo cha Mwata Kazembe. Walikuwa wageni wenye nguvu, wajuzi wa vita na wa biashara ya masafa marefu, lakini wageni bado.

Husimuliwa kwamba Nkuba alikuwa na dada yake, Nachituti, na dada huyo alikuwa na mwana. Kijana alituhumiwa kuwa na uhusiano na mmoja wa wake za mjomba wake. Nkuba hakuitisha baraza wala hakutoza fidia. Alimwua mpwa wake, akamchuna ngozi, na ngozi hiyo akaitandika chini ya mkeka aliokuwa akikalia. Akaendelea kukaa, kuhukumu na kula juu yake, na mama wa marehemu akiingia na kutoka katika nyumba hiyo bila kujua.

Siku ilifika Nachituti akajua. Hapo ndipo alipoondoka kwa ndugu yake, akaenda kwa Mwata Kazembe, akalia mbele yake na kumwomba amlipizie kisasi. Mwata akakubali. Jeshi la Walunda likamwendea Nkuba, naye akauawa. Nachituti alipoona ombi lake limetimizwa, alimletea Mwata vitu viwili: kikapu cha udongo na chombo cha maji. Udongo ulikuwa nchi. Maji yalikuwa mito, mabwawa na ziwa. Tangu siku hiyo, wasema Walunda, nchi na maji ni vya Mwata Kazembe, wala hakuvipora, bali alipewa na mwenye navyo.

Hicho ndicho kiini cha kisa. Wasimulizi hutofautiana katika mengi, kama ilivyo desturi ya fasihi simulizi, lakini ngozi chini ya mkeka, kilio cha mama, kikapu cha udongo na chombo cha maji ndizo nguzo zake.

MJOMBA, MPWA NA KITI

Msomaji wa haraka atasema kwamba hiki ni kisa cha wivu wa mume na kisasi cha mama. Husoma hivyo kwa sababu hakuutazama mfumo wa ukoo wa watu hawa. Washila, kama Wabemba na wengi wa majirani zao, hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mamaye, na mwanamume hurithiwa na ndugu zake wa tumbo moja, kisha na watoto wa dada zake, wala si na watoto wake mwenyewe. Kwa hiyo katika nyumba ya mtawala wa aina hii, dada ndiye tumbo la ufalme. Wake ni wengi, na watoto wao wanapendwa. Lakini mrithi hutoka kwa dada.

Tukilitia jambo hili akilini, kisa kinabadilika sura. Kijana aliyeuawa alikuwa katika safu ya warithi. Tuhuma ya kuingia katika nyumba ya mjomba, kugusa wake zake, yaweza kusikika masikioni mwa mtawala kama tangazo kwamba mpwa amechoka kungoja. Wake wa mtawala ni sehemu ya kiti chake, na anayewagusa amekigusa kiti. Hatusemi kwamba ndivyo Nkuba alivyofikiri. Masimulizi hayatuelezi siri ya moyo wake. Tunasema tu kwamba wasikilizaji wa kisa hiki, ambao wanaijua sheria ya mjomba na mpwa tangu utotoni, hawakuhitaji kuelezwa kwamba damu iliyomwagika ilikuwa damu ya urithi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nkuba alimwona mlaji ndani ya nguo yake, na kwa kumwua akamzaa adui aliye mkubwa zaidi.

Tazama pia ukatili wa ngozi ile. Mtawala hukaa juu ya ngozi ya chui au ya simba ili aonyeshe kwamba amemshinda mnyama mkali. Nkuba alikaa juu ya ngozi ya mrithi wake. Mtunzi yeyote wa tamthilia, awe wa Ulaya au wa Afrika, angejivuna kupata picha kama hiyo: mfalme anayekalia kesho ya ukoo wake, na dada anayempelekea chakula bila kujua ameketi juu ya nini.

Basi Nachituti angekwenda wapi? Mwamuzi wa juu katika nchi alikuwa ni yeye yule muuaji. Mkubwa wa ukoo, ambaye kwa desturi ndiye anayewatetea akina dada na watoto wao, alikuwa ni yeye yule muuaji. Hakubakiwa na baraza lolote ndani ya nchi ambalo lingemsikiliza. Hapo ndipo tunapoweza kuuelewa uamuzi wake wa kutoka nje.

ZAWADI NA BEI YAKE

Kwa upande wa pili, hatuna budi kuuliza Mwata alipata nini. Jibu la haraka ni nchi. Lakini nchi ingeweza kutwaliwa kwa mkuki, na Walunda walikuwa na mikuki ya kutosha. Jambo ambalo mkuki hauwezi kulitoa ni haki. Anayemiliki kwa ushindi hunyang'anywa na mshindi wa kesho. Anayemiliki kwa kupewa na mwenyewe halali huendelea kuwa na hoja hata baada ya kushindwa.

Historia imethibitisha jambo hilo. Katika karne ya 19, nguvu ya Kazembe ilipungua kwa sababu ya Wayeke wa Msiri upande wa magharibi na kwa sababu ya bunduki za wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu kutoka mashariki. Mwaka 1894 Waingereza na serikali ya Mfalme Leopold waliukata mpaka, na mto na ziwa vikagawanywa baina ya madola mawili. Mwaka 1899 majeshi ya Waingereza yaliuteketeza mji wa Mwata Kazembe, naye akakimbilia ng'ambo. Nyumba ziliungua, lakini kikapu cha Nachituti hakikuungua. Mwata aliporudi, na wakoloni walipotaka kujua ni nani mtawala wa asili wa nchi ili wamtumie katika utawala wao, masimulizi ya zawadi yalikuwapo, tayari kutoa ushahidi.

Lakini hati hii ina upande wa pili ambao watawala hawapendi kuusoma kwa sauti. Anayesema "nilipewa" amekiri kwamba hapo kwanza hakikuwa chake. Kila mara Mwata anapoutaja udongo ule, anawataja pia Washila waliokuwa na nchi kabla yake. Na Washila nao hawakuwa wa kwanza. Watu wa Luapula wanawakumbuka wenyeji wa asili zaidi waitwao Wabwilile, ambao jina lao hufasiriwa kuwa ni watu waliojilia wenyewe, yaani hawakumpelekea mtawala yeyote ushuru. Nachituti alipochota udongo na maji, aliwauliza Wabwilile? Kisa kimenyamaza, na kunyamaza huko pia ni sehemu ya hati.

Kuna bei nyingine ambayo ni chungu kuliko zote, na ambayo msomaji huikosa kwa urahisi. Cheo cha Mwata Kazembe, tofauti na cheo cha Nkuba, hakipiti kwa mama. Hupita katika ukoo wa baba, kwa wana na ndugu wa kiume wa nyumba ya Kazembe. Kwa hiyo Nachituti, aliyekuwa tumbo la ufalme katika nchi yake, aliikabidhi nchi hiyo kwa nyumba ambayo ndani yake dada hazai mfalme. Alilipiza kifo cha mwanawe mrithi kwa kuufunga mlango ambao warithi wa aina yake walipitia. Hii ni tafsiri yetu, lakini haikutoka hewani; imetoka katika sheria mbili za urithi zilizokutana ukingoni mwa mto mmoja.

WANAWAKE WA IKULU

Isije ikadhaniwa kwamba Walunda hawakuwapa wanawake nafasi. Chimbuko lao wenyewe lina malkia. Masimulizi ya nchi ya Mwata Yamvo yanaeleza habari za Lueji, binti wa mtawala mzee. Kaka zake walimpiga baba yao alipokuwa akisuka mkeka, wakidhani maji meupe yaliyokuwa katika chungu chake ni pombe anayowanyima. Kwa hasira mzee aliwanyima urithi, akamwachia Lueji bangili ya ufalme iitwayo lukano. Kisha Lueji akaolewa na mwindaji mgeni wa Kiluba, Chibinda Ilunga, akamvisha bangili hiyo, na kaka zake wakaondoka kwa uchungu kwenda kutafuta nchi nyingine. Mwandishi wa Angola, Pepetela, aliitungia habari hiyo riwaya mwishoni mwa miaka ya 1980.

Linganisha visa hivi viwili. Katika kila kimoja, ndugu wa kiume wanatenda uovu ndani ya nyumba. Katika kila kimoja mwanamke anakabidhi alama ya ufalme kwa mgeni. Na katika kila kimoja mkeka upo. Walunda walipofika Luapula na kukisikia kilio cha Nachituti, walikisikia kwa masikio yaliyokwisha kufundishwa na Lueji. Walijua kwamba ufalme wa haki ni ule unaopokewa kutoka mkononi mwa mwanamke mwenye nchi.

Tunao pia ushahidi wa wageni walioshuhudia kwa macho, ijapokuwa ni wa siku za baadaye. Mreno Gamitto, aliyefika na msafara wa mwaka 1831, aliandika kwa urefu habari za ikulu ya Kazembe na wake wakuu waliokuwa na vyeo vyao. David Livingstone alifika Novemba 1867, wakati wa Mwata Kazembe wa 7. Alimkuta huko Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amezuiliwa kwa miaka mingi asiondoke. Livingstone alimwona mke mkuu wa Mwata, ambaye cheo chake alikiandika Moäri, akibebwa na watu wengi katika kiti kwenda shambani kwake, huku watu wenye silaha wakikimbia mbele kumfungulia njia. Alikuwa mkulima hodari, na zao lake kubwa lilikuwa muhogo. Lakini msafiri huyo huyo aliandika pia kwamba aliwaona watu waliokatwa masikio na mikono kwa amri ya Mwata. Ikulu iliyompokea Nachituti, basi, haikuwa ya malaika, na mtunzi atakayeichora kwa rangi ya asali atakuwa amewadanganya wasomaji wake.

NANI ALIYEANDIKA?

Mwata Kazembe wa 14, Shadreck Chinyanta Nankula, aliyetawala tangu 1941 hadi 1950, aliyakusanya masimulizi ya Walunda katika maandishi akishirikiana na padre Edouard Labrecque. Kitabu kilitolewa kwa Kibemba mwaka 1951, nacho huitwa Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, maana yake wahenga wangu na watu wangu. Mwaka 1961 mtaalamu Ian Cunnison alikitoa kwa Kiingereza, na tangu hapo wanavyuo wa dunia nzima wamekitumia. Mwaka 2006 mwanahistoria David Gordon alikipa kitabu chake juu ya uvuvi wa nchi hizo jina linalotokana na zawadi ya Nachituti.

Yafaa tumshukuru Mwata huyo, kwa maana watawala wengi wamekufa na vitabu vyao vichwani. Lakini mwalimu wa historia hana ruhusa ya kusahau swali la kwanza la kazi yake: aliyeandika ni nani, na alikuwa na haja gani? Kitabu kiliandikwa na mrithi wa yule aliyepewa kikapu. Kiliandikwa wakati wa ukoloni, wakati mamlaka ya kila mtawala wa jadi, ushuru wake na mipaka yake vilitegemea historia atakayoweza kuithibitisha mbele ya ofisa wa wilaya. Katika hali hiyo Nachituti hawezi kuwa kitu kingine isipokuwa mama mwenye haki. Lau kitabu kingeandikwa na mzao wa Nkuba, huenda tungesoma habari za dada aliyeuza nchi ya babu zake kwa machozi yake.

Cunnison aliona jambo moja zaidi ambalo sisi walimu wa lugha tunapaswa kulizingatia sana. Watu wa Luapula wanapoeleza historia ya ukoo husema "mimi". Mzee wa leo husema, "Nilivuka mto, nikapigana, nikapewa nchi," akikusudia yaliyotendwa na wahenga wake karne nyingi zilizopita. Anayerithi jina hurithi pia undugu wote uliofungamana na jina hilo, na madeni yake. Nafsi ya kwanza katika sarufi yao imebeba wafu na walio hai pamoja. Kwa mtu asemaye hivyo, kifo cha Nkuba hakikutokea zamani, kimemtokea yeye.

SAMAKI NA SHERIA

Atakayeuliza kwa nini mambo hayo yana uzito leo, atazame ziwa. Baada ya kuanzishwa migodi ya shaba ya Katanga, mji wa Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, ulihitaji kitoweo kwa ajili ya maelfu ya wafanyakazi. Samaki wa Luapula na Mweru wakawa fedha. Wafanyabiashara wa Kigiriki walijenga makao Kasenga, wakanunua samaki kwa wingi na kuwasafirisha kwa barafu na malori. Mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda mto kwa makundi makubwa msimu wa mvua ili kutaga, alivuliwa njiani kabla hajazaa, hata kufikia katikati ya karne ya 20 alikuwa ameadimika.

Nani alikuwa na mamlaka ya kuzuia? Wenye mabwawa wa jadi walidai haki yao ya kufungua na kufunga maji. Mwata alidai ushuru kwa hoja ya chombo cha maji. Serikali ya kikoloni ilitoa leseni. Na ng'ambo ya mpaka Wabelgiji walikuwa na sheria zao. Baada ya uhuru wa Zambia mwaka 1964, mamlaka ya leseni yakawa ya dola. Siku hizi serikali husimamisha uvuvi kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazae. Mvuvi wa Kabuta anayekunja nyavu zake Desemba anatii sheria ya Lusaka; lakini ukimwuliza maji ni ya nani, jibu lake laweza kuanzia kwa mwanamke mmoja na chombo chake. Dagaa wadogo wa ziwa hilo, waitwao chisense, ambao katika miongo ya karibuni wamewapatia riziki wanawake wengi wafanyao biashara, nao wanaogelea katika maji yale yale yaliyotolewa zawadi na mwanamke.

MSALITI AU MAMA WA NCHI?

Turudi kwenye swali linalogawanya wasikilizaji. Sisi watu wa pwani hatuna haki ya kulitazama kwa mbali, kwa maana tuna Nachituti wetu. Fatuma, malkia wa Unguja mwishoni mwa karne ya 17, aliwapelekea Wareno chakula walipozingirwa na Waomani ndani ya Ngome ya Yesu, Mombasa. Ngome ilipoanguka Desemba 1698, Fatuma alichukuliwa Muscat. Je, alikuwa kibaraka wa Wareno, au mtawala wa kisiwa kidogo aliyechagua mmoja kati ya wageni wawili waliomzidi nguvu? Jibu limekuwa likifuata bendera iliyoshinda.

Methali yetu husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nachituti alimwita mgeni ili mwenyeji apone, na yeye mwenyewe alipona, kwa kadiri mama aliyefiwa awezavyo kupona. Lakini wenyeji wengine, waliokuwa hawajachuna ngozi ya mtu wala kukalia mkeka wowote, waliamka asubuhi wakiwa raia wa mgeni.

Kwa maoni yetu, wanaomwita msaliti wanasahau kwamba nchi ilikwisha kusalitiwa kabla hajaondoka. Mtawala anayewaua warithi na kuwa yeye mwenyewe mshitaki, hakimu na mnyongaji, amewafungia watu wake milango yote isipokuwa ule wa kwa jirani. Wakati huohuo wanaomwita mama wa nchi wasimfanye kuwa sanamu. Alikuwa na haki ya kudai damu ya mwanawe. Kwamba alikuwa na haki ya kutoa ziwa zima, pamoja na wavuvi wake na Wabwilile wake, ni jambo jingine. Mambo hayo mawili lazima yatenganishwe, na ni utengano huo ambao kitabu cha mshindi hakiwezi kuufanya.

KAZI YA MTUNZI NA YA MWALIMU

Ebrahim Hussein alipotunga Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, aliwatahadharisha wasomaji kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha sanaa, wala si nakala kamili ya mtu aliyeishi. Huo ndio uaminifu unaotakiwa kwa yeyote atakayetaka kumleta Nachituti katika tamthilia ya Kiswahili, na twaamini kwamba anastahili kuletwa. Mtunzi ana uhuru wa kumpa sauti, hata kumkutanisha na ndugu yake katika usiku wa mwisho ambao masimulizi hayautaji, kama Schiller alivyowakutanisha malkia wake. Lakini asiifute sheria ya ukoo wa mama, kwa maana bila hiyo kisa hugeuka ugomvi wa kitandani. Asimsahau Mbwilile. Wala asiishushe pazia kwenye shangwe za Walunda bila kumwacha mtu mmoja jukwaani anayekitazama kikapu kile na kuuliza udongo uliomo ni wa shamba la nani.

Kwa upande wa darasani, twapendekeza zoezi moja. Mwalimu awagawe wanafunzi katika makundi matatu: nyumba ya Mwata, nyumba ya Nkuba na Wabwilile. Kila kundi lisimulie kisa hiki kwa desturi ya Luapula, yaani kwa nafsi ya kwanza, "mimi", bila kubadilisha tendo hata moja. Baada ya hapo kila kundi liandike sentensi moja tu ya kujibu swali: ziwa ni la nani? Wanafunzi wataona kwamba matendo ni yale yale na majibu ni matatu. Watakuwa wamejifunza maana ya chanzo cha historia kwa namna ambayo kuandikiwa fasili ubaoni hakuwezi kuwafunza.

TAMATI

Sherehe ya Umutomboko hufanyika kila mwaka mwishoni mwa Julai huko Mwansabombwe, na Mwata hucheza ngoma ya ushindi mbele ya maelfu ya watu. Ni urithi wa fahari, na hatuna neno la kuupunguza. Tunasema tu kwamba ushindi ule ulikuwa na mlango, na mlangoni alisimama mwanamke mwenye mikono miwili: mmoja umebeba udongo, wa pili umebeba maji. Vizazi vya wanaume vimebishana juu ya vitu vilivyokuwa mikononi mwake. Imebaki kazi ya walimu na watunzi kuuliza habari za mwanawe, ambaye masimulizi yaliyoenea hayamtaji hata jina.